Kutoka nganda hadi restora: chakula chetu kule Bruxelles

Tukisema mila, wengi wetu tunawaza kwanza ngoma, mahari na kilio. Sahani tunaisahau, labda kwa sababu iko mbele yetu kila siku. Tunataka kuongea hapa juu ya ndugu zetu waliofungua restora Bulaya, zaidi kule Bruxelles, na juu ya swali linalotusumbua sisi watu wa Kivu: kwenye meza zile, wanapakua Kongo gani?

Mbele ya uhuru, Wakongomani waliofika Ubelgiji walikuwa wachache sana, kwani wakoloni hawakupenda waende. Mwaka 1897 walipelekwa watu 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, wakatazamwa kama vitu. Saba walifia kule. Mwaka 1958 wakapelekwa tena mamia kwa maonyesho makubwa ya Bruxelles. Hao hawakwenda kufanya biashara yao.

Nyuma ya 1960 wanafunzi wakaanza kufika, na mwaka 1961 Mbelgiji mmoja, Monique Van der Straten, akaanzisha Maison Africaine katika komini ya Ixelles kusudi wapate mahali pa kulala. Mzizi wa mambo uko hapo. Mwanafunzi akitoka darasani anatafuta wenzake, na akishawapata wanatafuta bugali. Karibu na Porte de Namur zikafunguka duka za vitambaa, saluni za nywele, duka za vyakula, kisha restora, ndani ya Galerie d'Ixelles na njia za kandokando. Watu wakauita mtaa ule Matonge, kwa jina la mtaa wa starehe wa Kinshasa.

Lakini tusidhani kwamba kila restora ilianza na kibao juu ya mlango. Bruxelles na hata Paris, wamama walifungua nganda nyumbani mwao. Nganda, kwa Kilingala, ni kambi ya wavuvi. Kinshasa neno likapata maana ya mahali pa kunywa na kula. Mama anapika chungu kikubwa, wateja wanaikala saloni, wanakula makayabo na kupashana habari za nyumbani. Nani aliomba karatasi hapo? Restora ya kweli ni mambo mengine. Sheria ya Ubelgiji ya 19 Februari 1965 iliwadai wageni wengi karata ya pekee mbele ya kujifanyia kazi, na sheria ya 1998 ikaongeza kwamba mwenye biashara aonyeshe kuwa anajua uongozi wake. Mama aliyelisha watu miaka kumi bila deni akaambiwa alete diploma! Sisi walimu tunapenda diploma, lakini hapo tunacheka kidogo.

Halafu chakula chenyewe. Majani ya muhogo yanafika yamegandishwa kwa barafu. Nyama ya kuvuta moshi, hapana: Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kuiingiza kutoka inchi kama yetu. Makayabo hayana shida, maana samaki hao wa chumvi wanatoka katika bahari za kaskazini. Kule wako karibu na kwao, wageni ni sisi tuliowafanya chakula cha Kongo. Tusishangae sana. Sambaza tunaojivunia hapa Goma walitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo watoto wanadhani ni chakula cha mababu wa mababu.

Sasa turudie swali letu. Soma karata ya vyakula ya Matonge: pondu, liboke, moambe, kwanga. Majina ya Kinshasa na ya mto. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, leo mpishi kule, alituambia kwa simu kwamba aliandika «sombe», na wateja wakapita. Akaandika «pondu», wakaingia. Tulimkaripia, kisha tukanyamaza. Nani analipa nyumba yake, sisi ao wateja?

Kilichotuumiza zaidi ni kingine. Mama yake alikuwa akimtumia sambaza wakavu kwa wasafiri, kwa meza yake ya nyumbani. Januari 2025, vita ilipoingia Goma na uwanja wa ndege kufungwa, kifurushi kile kilikatika. Ndipo kijana akaomba angalau amwandikie sombe yao inavyopikwa: mawese kiasi gani, karanga kiasi gani, moto saa ngapi. Mama hajui kuandika, akatuita. Tulienda na kalamu, kijiko na kikombe. Alitutazama akipima, akacheka:

— Mwalimu, karanga hatupimaka. Unatiaka tu mpaka mkono inasema basi.

Tuliandika vikombe viwili. Alipopika tena juma lililofuata, tulihesabu tukiwa mlangoni: vilikuwa vitatu na nusu. Tulifuta, tukaandika upya, tukatuma.