Saa 15 Hadi New York
Tarehe 28 Oktoba 2018, Dreamliner ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda New York bila kutua popote, mwendo wa saa 15 hivi. Wengi walitazama bendera; mimi natazama uzito. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hupungukiwa msukumo, na ndege hulazimika kuondoka na mzigo mdogo kuliko ambavyo ingebeba pwani. Kuruka usiku, hewa ikipoa, husaidia kidogo. Na mafuta nayo ni mzigo: sehemu yake huchomwa kubeba mafuta mengine tu!

Ndani mlikuwa na viti 234, vya daraja la biashara 30. Hesabu nzima, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye hivyo 30. Nyuma, ndugu zetu wa ughaibuni huijaza ndege Desemba. Februari wanaolinganisha bei hupitia Addis Ababa au Doha. Miezi michache tu baada ya uzinduzi, safari za kila siku zilipunguzwa hadi tano kwa wiki.