Bandari Inaanzia Wapi? Tamasha la Lamu na Njia ya Misafara ya Ukambani

Kwa kawaida ni mwezi wa Novemba. Mji wa Lamu hujaa watu kutoka visiwa jirani, kutoka Mombasa na Nairobi, na kutoka ng'ambo. Mashua hutweka matanga na kushindana mbele ya mji. Vijana hushindana kuogelea. Punda huendeshwa mbio kando ya bahari huku watoto wakiwashangilia. Wazee hucheza bao, wanawake hupaka hina, na kofia za kushonwa kwa mkono huonyeshwa pamoja na ususi na uchongaji wa milango. Tamasha la Utamaduni la Lamu limekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi ambacho UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2001. Ni tamasha la familia nzima, na nalithamini kwa sababu hiyo hasa. Katika sherehe zetu nyingi za kitaifa mtoto hukaa juani akisikiliza hotuba. Lamu, mtoto huijua historia kwa kuona tanga likipandishwa na mjomba wake.

Hata hivyo, karibu kila kinachoonyeshwa huko kinaelekea baharini. Anayelitazama tamasha hilo kutoka Zombe, soko lililo mashariki ya mji wa Kitui katika nchi kavu inayoteremka kuelekea mto Tana, hana budi kuuliza: vyombo hivyo vilipakia nini, na mali hiyo ililetwa bandarini na nani? Hoja ya makala hii ni kwamba tamasha la bandari linaloishia ufukweni limeacha nje watu walioipa bandari sababu ya kuwapo. Kulipanua ni suala la usahihi wa historia kabla halijawa suala la ukarimu.

Tuanze na ushahidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara mikubwa ya pembe za ndovu iliyofika nyuma ya Mombasa iliongozwa na Wakamba. John Lamphear, katika utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu Wakamba na pwani ya Mrima, alionyesha jinsi mtandao wa misafara hiyo ulivyoenea hadi sehemu ambazo leo ni Tanzania. Wawindaji wenye mishale ya sumu walikusanya pembe. Wengine walizinunua kwa majirani zao. Kisha watu wakajitwika na kushuka kupitia nyika ambayo sasa ni Tsavo. Njaa nazo zilichangia kuufungua mlango wa pwani. Makazi ya Wakamba yalizuka Rabai na sehemu nyingine za Wamijikenda, na msafara uliotoka bara ukawa na jamaa wa kuupokea. Waliporudi, walibeba nguo, ushanga, chumvi na nyaya za shaba.

Mfano unaojulikana zaidi ni Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkuu wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisafiri hadi kwake mwishoni mwa mwaka 1849, na akiwa huko Kitui, tarehe 3 Desemba, aliuona Mlima Kenya. Vitabu vya shule huishia hapo, kana kwamba Kivui alikuwa mwenye nyumba tu, aliyempa mgeni mahali pa kusimama. Ukweli ni kwamba Krapf alipita njia iliyokwisha kufunguliwa na watu wa Kivui na wenzake, tena akihitaji ulinzi wao. Mwaka 1851 walifunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani, Kivui akauawa, na Krapf akanusurika kwa tabu kubwa. Katika maisha ya mtu huyo mmoja, Kitui, Tana na Mombasa zimo ndani ya biashara moja.

Na biashara hiyo haikuishia Mombasa. Pembe zilipimwa kwa frasila, zikapakiwa kwenye majahazi kwenda Zanzibar, na kutoka Zanzibar zikaenda Bombay, Ulaya na Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa na nguvu kubwa Zanzibar baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Walileta nguo ya pamba ambayo pwani yote iliiita merikani, wakaondoka na pembe. Baadaye katika karne hiyo, viwanda vya Connecticut vilizikata pembe za Afrika Mashariki kuwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, karafuu na pembe za Zanzibar, ameeleza jinsi bei ya pembe ilivyozidi kupanda huku bei ya nguo za viwandani ikishuka. Tofauti hiyo ndiyo iliyowasukuma wafanyabiashara wa pwani kuingia bara wenyewe katikati ya karne, na Wakamba wakaanza kupokonywa njia. Reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, iliumaliza upagazi kama kazi kuu ya njia hiyo.

Msomaji makini atanikumbusha kwamba Lamu si Mombasa. Ni kweli. Pembe za Lamu zilitoka zaidi kwa wawindaji Waboni na kwa Waoromo, nyingine zikashuka na mitumbwi ya Wapokomo kufuata Tana hadi Kau na Kipini. Njia ya Wakamba ililenga Mombasa. Hilo haliibomoi hoja. Linaipa sura mbili. Lamu inadaiwa nafasi na watu wa Tana na msitu wa Boni, na Mombasa, yenye Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, inadaiwa na Ukambani. Nimeanza na Lamu kwa sababu ndiko tamasha lilikokomaa, na ndilo litakaloigwa na miji mingine ya bandari.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo halitokani na historia ya kale. Watu wa Lamu wana haki ya kuogopa neno "bara". Wameona ardhi ikigawiwa wengine na bandari kubwa ikijengwa juu ya maeneo yao ya uvuvi; mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata. Tamasha kwao ni mahali ambapo bado wao ndio wenyeji. Akitokea mtu wa Kitui akasema naye ana sehemu katika urithi huo, ni rahisi kumsikia kama mwingine anayekuja kuchukua. Naliheshimu pingamizi hili. Jibu langu ni kwamba mpagazi wa Kikamba hakuja kumiliki gati. Alikuja, akauza, akanunua, akarudi. Na aliyebaki Rabai alibaki kwa mapatano na wenyeji. Kumkumbuka mtu huyo ni kukumbuka uhusiano wa bara na pwani uliokuwapo kabla ya serikali ya Nairobi, na Lamu haipotezi chochote kwa kumbukumbu hiyo.

Isitoshe, Lamu yenyewe ina mfano wake. Sherehe kongwe ya mji huo ni Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ambayo hadi leo huvuta wageni kutoka Afrika Mashariki yote na huandamana na mashindano ya mashua na punda. Mwanzilishi wake, Habib Swaleh, alikuwa sharifu aliyetoka Ngazija. Aliwafundisha dini watu wa tabaka la chini, wakiwamo waliotoka katika utumwa, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda, na akaziachia ngoma nafasi katika ibada. Mji ambao sherehe yake kuu ilijengwa na mgeni kwa ajili ya waliotengwa una msingi wa kutosha wa kulipanua tamasha lake changa.

Nimetaja utumwa, na hapa pana ugumu ambao waandaaji wa sherehe za familia huukwepa. Bandari zetu zilisafirisha binadamu. Katika njaa za mwishoni mwa karne ya 19, watoto wa Kikamba waliwekwa rehani kwa chakula, na wengine hawakurudi kwao. Njaa ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba wanaikumbuka kwa jina la Ngomanisye, ilisambaa kote na kuwapeleka wengi kutafuta riziki mbali, pwani ikiwamo. Pembe nazo zilimaanisha maelfu ya ndovu waliouawa. Je, haya yanafaa mtoto wa miaka tisa aliyekuja kutazama punda wakikimbia? Naamini yanafaa, yakisimuliwa na mtu mzima anayejua kusimulia. Mtoto wa Kitui Mashariki anaishi karibu na mpaka wa Tsavo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, na ndovu kwake ni mnyama anayevunja shamba la babu. Njaa pia anaijua. Anayehitaji kufichwa haya ni mtu mzima anayetaka urithi usiokuwa na deni.

Kwa nini basi tamasha limebaki jembamba? Sehemu kubwa ya sababu ni ya kiutawala. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliziachia kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho, huku maeneo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki kwa serikali kuu. Kaunti hutenga fedha ndani ya mipaka yake na hutangaza kilicho chake. Njia ya msafara haina kaunti. Inaanzia Kitui, inakata Taita Taveta au Tana River kutegemea mto uliofuatwa, inapita Kilifi na kuishia Mombasa. Hakuna waziri wa kaunti atakayesimama kwenye bunge lake kuomba fedha za urithi ambao robo tatu yake iko kwa jirani. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 189, inaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Makavazi ya Taifa ya Kenya, yanayoisimamia Ngome ya Yesu na Makumbusho ya Lamu, yana uwezo wa kuzikutanisha.

Kamati ya namna hiyo ifanye nini? Tamasha la filamu la Zanzibar, lililozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kama sherehe ya nchi za majahazi, lilijifunza mapema kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba badala ya kuwasubiri wanavijiji waje mjini kwenye Ngome Kongwe. Tamasha la bandari nalo liwe na siku zake bara. Zombe ifikiwe na fundi wa mashua kutoka Matondoni, Lamu, pamoja na zana zake, awaonyeshe watoto ambao hawajaiona bahari jinsi ubao unavyopindwa ufuate umbo la chombo. Kitui nayo ipeleke pwani mafundi wa mizinga ya asali, wasukaji wa vyondo, na wazee wanaojua majina ya visima vya njiani. Punda hana haja ya kutafsiriwa: Lamu hubeba mawe na mchanga kwenye vichochoro, Zombe hubeba maji kutoka mtoni.

Siku hizo za bara haziwezi kuwa Novemba. Upande huu wa Kitui hutegemea mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, kuliko za masika, na Novemba familia nzima iko shambani kwenye ndengu na mtama. Agosti inafaa zaidi: shule zimefungwa, mavuno yamekwisha, mito imekauka na kuacha mchanga unaopitika, na maji hupatikana kwa kuchimba humo humo, kama walivyochimba watu wa misafara.