Mbuyu (jenasi)

Mibuyu ni miti mikubwa ya jenasi Adansonia katika familia Malvaceae. Hukua katika maeneo makavu ya tropiki na huhifadhi maji ndani ya shina lake nene. Wataalamu wengi hutambua spishi 8. Sita kati yake hupatikana Madagaska tu. A. gregorii hukua kaskazini-magharibi mwa Australia. Mbuyu wa kawaida, A. digitata, umeenea Afrika kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini, na ni wa kawaida sana kwenye pwani ya Kenya na Tanzania. Spishi hiyohiyo huota pia Dhofar, Omani. Mibuyu ya India ilipelekwa na watu.

Asili

Zamani wengine walidhani mibuyu ilitenganishwa na kupasuka kwa bara la kale la Gondwana. Hesabu haikubali: Madagaska iliachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na jenasi hii ni changa mno kuliko hapo. Utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba chimbuko lake ni Madagaska, takriban miaka milioni 21 iliyopita. Mbegu zilifika Afrika na Australia baadaye kwa kuvuka bahari, pengine ndani ya mabuyu yaliyoelea, kwa sababu ganda lake ni gumu.

Hivyo mbuyu wa Bagamoyo ni mgeni, ingawa wa kale sana. Huko Madagaska kwenyewe spishi kadhaa zimo hatarini kutokana na ukataji na uchomaji wa misitu, A. perrieri ya kaskazini imebaki michache tu.