Sendika na Uhuru wa Mfanyakazi

Mwaka 1891, Papa Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum alifundisha kwamba kuungana ni haki ambayo mtu anazaliwa nayo. Serikali haimupi kama zawadi. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ukatia nguvu: wafanyakazi waunde vyama vyao kwa uhuru. Basi tujiulize: sendika inaweza kumwambia mtu, «Ingia kwetu, ama upoteze kazi»?

Watu watatu wa reli ya Uingereza walipeleka shauri hilo mbele ya tribunali ya Strasbourg. Walikuwa kazini tayari wakati British Rail ilipopatana na sendika tatu, mwaka 1975, kwamba kila mfanyakazi sherti aingie katika moja yao. Walikataa, na mwaka 1976 wakafukuzwa. Tarehe 13 Agosti 1981, waamuzi 18 juu ya 21 walikata kwamba haki yao imevunjwa. Hawakuhukumu kila mapatano ya namna ile; walisema kwamba kumtisha mtu kwa kumunyima mkate ni kuharibu uhuru wenyewe wa kuungana.

Sisi Wakongomani tulionja jambo karibu na hilo. Mwaka 1967 sendika zetu kubwa ziliunganishwa kuwa moja, UNTC. Mkubwa wake, Bo-Boliko, alitoka katika UTC, sendika ya Wakristu. Toka mwaka 1970 akawa pia mkubwa wa bunge, chini ya chama kimoja cha Mobutu. Hivi mtetezi wa wafanyakazi aliketi kwenye meza ya wale aliopashwa kuwadai. Na mfanyakazi asiyeridhika hakuwa na sendika ingine ya kuchagua, mpaka mwaka 1990.

Wengine wanajibu: asiyelipa mchango anakula jasho la wenzake, kwani mushahara ukipanda, unapanda kwa wote. Neno hilo lina ukweli. Mtu wa namna hiyo anakosa mapendo. Lakini kosa la mapendo linaponywa kwa mafundisho na mfano, si kwa kunyanganya kazi. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 nayo inakataza kumupa mtu kazi kwa sherti kwamba aingie sendika, au asiingie.

Basi, wandugu mapadri na wakatekista, kama mwalimu au dereva wa Mubambiro anatuomba shauri, tumushauri aingie, asome hesabu za mchango, achague wakubwa wake. Mahali mlango wa kutoka uko wazi, wakubwa wanajifunza kuwasikiliza watu wao.