Kagera: Utafiti uliowafuata watu wale wale kwa miaka 19

MWAKA 1991 wadadisi walianza kupita katika vijiji na mitaa ya Bukoba, Muleba na wilaya nyingine za Mkoa wa Kagera, wakiuliza kila kaya inakula nini, inalima nini na ina mali gani. Mkoa ulikuwa umeelemewa na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa huko mwaka 1983. Shabaha ilikuwa kupima hasara inayoipata kaya pale mtu mzima anapougua au kufariki.

Utafiti huo wa Afya na Maendeleo ya Kagera, ulioendeshwa na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulihusisha kaya zaidi ya 900. Hadi mwaka 1994 kaya hizo zilikuwa zimehojiwa hadi mara nne.

Mwaka 2004, na tena 2010, watafiti waliwatafuta wahojiwa wale wale popote walipohamia, iwe Mwanza, Dar es Salaam au Uganda. Mwaka 2004 walimpata angalau mtu mmoja kutoka asilimia 93 ya kaya za awali. Kwa kuwa watoto walikuwa wameoa, kuolewa na kuanzisha miji yao, kaya za kuhojiwa zilifikia zaidi ya 2,700.

Faida ya utaratibu huo ni dhahiri. Iwapo kaya kumi zinaondokana na umaskini na nyingine kumi zinatumbukia humo, hesabu ya jumla itasema hakuna kilichobadilika. Anayewafuata watu wale wale ndiye awezaye kujua nani amepanda, nani ameshuka na kwa sababu gani.

Aidha, kwa kuwa wakazi wengi wa vijijini hawana mshahara, kipimo kilichotumika ni matumizi ya kaya. Ndizi zinazotoka katika kibanja cha nyumbani huhesabiwa kwa thamani yake, na tofauti za bei kati ya mahali na mahali huzingatiwa.

Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha watu waliotoka katika kaya moja. Walibaini kuwa kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia kati ya 1991 na 2004, ukilinganisha na waliobaki. Pengo la kipato, kwa hiyo, lilifunguka hata baina ya ndugu waliokua chini ya paa moja.

Hata hivyo, ulinganisho huo hauondoi mashaka yote. Huenda anayeondoka ana ujasiri au elimu kuliko nduguye, ingawa watafiti walijitahidi kuzingatia umri na elimu ya kila mmoja.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2013, ulionyesha kuwa takriban nusu ya walioondokana na umaskini hadi 2010 waliacha kilimo na kuingia katika shughuli nyingine za vijijini au miji midogo. Waliofanikiwa kwa kuhamia majiji makubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba.

Kama wadadisi wangeishia kubisha hodi katika nyumba za mwaka 1991, mafanikio hayo yasingeonekana, na mipango ya kupambana na umaskini ingeisahau miji midogo.