Muhogo, Kunde na Miaka ya Uhamisho: Historia ya Mapishi ya Dhiki Vurra na Koboko

Utangulizi

Historia ya Nile Magharibi nchini Uganda imeandikwa zaidi kwa kufuata mipaka, majeshi na tawala. Jiko limetajwa kwa nadra. Makala haya yanachunguza mapishi ya nyakati za dhiki miongoni mwa Walugbara wa Vurra, karibu na Arua, na majirani wao Wakakwa wa Koboko. Hoja kuu ni kwamba mapishi hayo hayakuwa orodha ya vyakula vya bei nafuu tu. Yalikuwa elimu ya usalama, na kiini cha elimu hiyo kilikuwa muda: siku za kuvundika, za kuanika na saa za kuchemsha. Muda huo ulipokatwa, chakula kile kile kilichookoa maisha kiliweza kudhuru.

Kutoka nafaka hadi muhogo

Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 liliingia chini ya Sudan, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kuanzia mwaka 1949, aliikuta jamii ambayo kwa desturi ilitegemea ulezi na mtama. Muhogo ulikuwa mgeni uliohimizwa na utawala wa kikoloni kama akiba ya njaa. Wakati huo huo wanaume wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na zao lisilodai palizi nyingi liliwafaa waliobaki nyumbani.

Hata hivyo, mgeni huyo hakuifukuza nafaka jikoni. Wapishi waliuchanganya unga wa muhogo na ule wa ulezi au mtama, wakasonga ugali uitwao enyasa. Mchanganyiko huo uliirefusha nafaka iliyokuwa haba, nao ulezi ukaupa ugali rangi, ladha na virutubisho ambavyo muhogo pekee hauna. Kitoweo kilikuwa osubi, yaani majani ya kunde, yaliyoungwa kwa ufuta au karanga zilizosagwa. Kumbikumbi wa msimu walikaushwa na kuhifadhiwa. Kila kimoja kilijaza pengo la kingine: muhogo ulitoa nguvu, majani na mbegu zikatoa protini na mafuta.

Miaka ya uhamisho

Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwezi Aprili 1979, na hasa kufuatia mapigano ya Oktoba 1980, mamia ya maelfu ya watu wa Nile Magharibi walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Maisha ya waliofika upande wa Sudan, katika wilaya ya Mto Yei, yalichunguzwa na Barbara Harrell-Bond katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Imposing Aid*, kilichokosoa misaada inayopangwa bila kuwashirikisha wanaoipokea.

Katika mazingira hayo tofauti ya mazao ilionekana wazi. Ghala la ulezi huporwa au kuchomwa kwa saa moja. Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, ukamsubiri mwenyewe. Hata hivyo ghala hilo la chini ya ardhi lina sharti: mihogo mingi inayostahimili wezi na wadudu ni michungu, na uchungu huo huambatana na sumu ya sianidi.

Gharama ya haraka

Mbinu ya kuondoa sumu ilijulikana. Mihogo humenywa, huvundikwa kwa siku kadhaa, hukwanguliwa ukungu, hupondwa na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa. Mtu mwenye njaa, aliye safarini au asiye na uwanja wa kuanikia, hushawishika kuzifupisha hatua hizo. Kongo inatoa onyo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Tafiti za baadaye ziliuhusisha na muhogo mchungu usioandaliwa vyema, hasa pale mlo unapokosa protini. Mwezi Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 walidhurika na wawili wakafa kwa sianidi iliyokuwa katika unga wa muhogo.

Jiko la leo

Suala hili si la makumbusho. Nile Magharibi, iliyowahi kutoa wakimbizi, sasa inawapokea: Lobule wilayani Koboko, Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi. Mwezi Aprili 2020 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukaushusha hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mgao unapopungua, muhogo huongezeka chunguni.

Mapishi ya zamani yanaweza kurekebishwa kwa usalama. Unga wenye shaka huloweshwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa kivulini saa tano ili sumu ipotee hewani, kisha ukasongwa siku hiyo hiyo. Njia hii imetumika Kongo dhidi ya konzo. Kuchanganya ulezi, hata kwa kiasi kidogo, na kuunga majani ya kunde kwa karanga au ufuta hurejesha uwiano wa mlo wa awali. Kunde kavu zikilowekwa usiku kucha huokoa kuni.

Hitimisho

Mshauri wa sera anayehesabu kilo za unga pekee anahesabu nusu ya mlo. Nusu ya pili ni maji, kuni, uwanja wa kuanikia na siku za kungoja, na kwa kawaida gharama yake huwaangukia wanawake. Mpango wa chakula unaogawa vipando vya muhogo bila kuuliza utaandaliwa wapi, na nani, na kwa siku ngapi, unahamisha hatari kutoka ghalani kwenda chunguni. Wazee wa Vurra na Koboko waliopika uhamishoni wanayo elimu hiyo. Kuikusanya wakiwa hai ni kazi ya historia na ya afya ya jamii kwa pamoja.