Mnyoo asiye na tumbo

Tamka "mnyoo", na msikilizaji atawaza tumbo la mtoto na vidonge. Maana hiyo imetawala mno. Wa udongoni ana jina lake, nyungunyungu. Wa baharini ndiye anayelitesa neno. Februari 2002, katika ghuba ya Monterey, California, watafiti walikuta mzoga wa nyangumi kwenye kina cha karibu mita 2,900, mifupa imefunikwa na zulia jekundu. Zulia hilo lilikuwa minyoo, ndugu wa wale wenye vinywele vigumu ubavuni. Hawana mdomo wala utumbo: hupenyeza mizizi mfupani, hutoa tindikali, na bakteria waliomo mwilini huwalisha. Tena walioonekana ni majike watupu. Madume, wadogo mno, huishi kwa makumi ndani ya mrija wa jike mmoja. Mwaka 2004 walipewa jina la Kilatini, Osedax, yaani mla mifupa. Wanasayansi husema spishi "imeelezewa", lakini hapo si kusimulia tu: ni kuchapisha jina pamoja na sifa zake, na kuweka kielelezo katika makumbusho. Kwa Kiswahili ningemwita mlamifupa, bila "mnyoo" mbele yake.